Kufunga mtungi wa gesi kwenye jiko na kupima kama unavuja

Gesi ya jikoni mara nyingi huvuja kwenye maungio: regyuleta (kifaa kinachopunguza nguvu ya gesi inayotoka) inapokaa juu ya mtungi, na mpira unapoingia kwenye regyuleta na kwenye jiko. Ungio la mtungi hufunguliwa na kufungwa upya kila gesi inapoisha. Kwa hiyo kupima si kazi ya siku ile jiko liliponunuliwa tu. Pima kila unapobadilisha mtungi. Kwa povu la sabuni, hata dakika tano haziishi.

Hapa tunazungumzia mtungi wa kilo 13 au 15 wenye regyuleta ya kubana, na mpira unaokwenda kwenye jiko la mezani. Mtungi mdogo wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake hauna mpira, lakini nao hupimwa kwa povu pale kichomeo kinapokazwa.

Regyuleta iwe ya matumizi ya nyumbani. Kwenye mwili wake huandikwa shinikizo la milibari 28 au 30, au namba iliyo karibu na hizo. Zile zenye skrubu ya kuongeza nguvu ya gesi ni za majiko makubwa ya mahoteli. Ukifunga regyuleta ya aina hiyo nyumbani, moto unaruka na mpira unaweza kuchomoka. Angalia pia kipimo cha kinywa cha vali: regyuleta ya milimita 22 haikai sawasawa kwenye mtungi wa milimita 20, hata ukilazimisha. Ukibadilisha kampuni ya gesi, hakikisha hili kabla ya kuondoka dukani.

Mpira uwe umeandikwa kwamba ni wa LPG, yaani gesi ya kupikia ya mtungini, pamoja na mwaka uliotengenezwa, na usizidi mita 1.5. Mpira wa maji haufai kabisa, kwa sababu gesi huula polepole mpaka ukakauka na kupasuka. Nunua na klipu mbili za chuma za kukaza kwa bisibisi. Waya uliosokotwa kwa koleo hukata mpira, na mkato huo huwa chini ya waya, usipoonekana.

Chovya ncha ya mpira kwenye maji ya moto kwa dakika moja ili ulainike, ufute, kisha usukume kwenye bomba la regyuleta mpaka upite matuta yote, kama sentimita 2.5. Usipake mafuta. Uvishe mpira klipu kabla ya kusukuma, kisha ikaze juu ya sehemu yenye matuta mpaka mpira ubonyee kidogo. Ukikaza mpaka ukatike umeharibu kazi. Fanya vivyo hivyo upande wa jiko. Mpira usipite nyuma ya jiko wala kugusa bati la moto.

Sasa zima moto wote ulio karibu, hata mshumaa, na funga koki zote za jiko. Simamisha mtungi wima mahali penye hewa. Mtungi ukilala, gesi iliyo kimiminika huingia kwenye regyuleta. Toa kifuniko, uchungulie ndani ya kinywa cha vali. Kuna raba nyeusi ya duara. Ikiwa haipo, imepasuka au imekakamaa, rudisha mtungi dukani. Hiyo raba ndiyo inayozuia gesi, na utepe wa fundi bomba hauwezi kushika nafasi yake.

Inua pete ya regyuleta, ikalishe juu ya vali bila kuinamisha, kisha shusha pete mpaka isikike ikidaka. Jaribu kuivuta juu bila kugusa pete: isitoke.

Changanya kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na nusu kikombe cha maji. Fungua regyuleta, koki za jiko zikiwa bado zimefungwa. Kwa sponji, paka povu kuzunguka shingo ya vali, chini ya regyuleta, kwenye ncha zote mbili za mpira, halafu mpira wote. Mwanga uwe wa kutosha, na usubiri kama nusu dakika kila sehemu. Povu la kawaida hupasuka na kupungua. Penye uvujaji, viputo vipya huzaliwa palepale na kukua. Usipime kwa kiberiti hata siku moja.

Viputo vikitokea kwenye klipu, funga gesi, kaza, paka tena. Vikitokea chini ya regyuleta, itoe na uikalishe upya. Vikiendelea, kosa ni la raba au regyuleta yenyewe. Vikitoka shingoni, vali inapoungana na chuma cha mtungi, usikaze chochote: toa mtungi nje, uurudishe kwa muuzaji.

Kuna kipimo cha pili kinachonasa uvujaji mdogo. Funga regyuleta, subiri dakika 10, kisha washa jiko. Gesi iliyobaki mpirani inatakiwa kuwaka kwa muda mfupi. Isipowaka kabisa, imetoka mahali fulani: rudia povu, safari hii na kwenye shina za koki za jiko.

Ukisikia harufu, funga regyuleta na fungua milango kwanza. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutanda sakafuni, na dirisha la juu peke yake halitoshi. Usiguse swichi ya taa, kuwasha wala kuzima, kwani cheche yake inatosha. Simu ipigwe ukiwa nje. Tanzania zimamoto ni 114.

Wenye hita ya gesi ya chumbani hufunga na kupima kwa njia hiihii, ila hita hula hewa ya chumba. Acha dirisha wazi kidogo, na usilale ikiwaka: hewa ikipungua hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Moto uliogeuka wa njano, kwenye hita au jiko, unadai kichomeo kisafishwe kabla ya kutumika tena.