Usiweke default kwenye swichi ya enumu

Kama unatumia Java 14 au toleo la baadaye, na sifa ya objekti inabadilika kufuatana na enumu (orodha maalumu ya thamani zilizopangwa), acha swichi irudishe thamani, kisha uipachike mara moja tu:

oda.setRangi(switch (hali) {
    case IMEPOKELEWA -> "kijivu";
    case IMETUMWA -> "bluu";
    case IMEFIKA -> "kijani";
});

Ona kwamba hakuna default (kesi ya akiba inayobeba kila thamani isiyotajwa), na faida yote iko hapo. Swichi inayorudisha thamani lazima ishughulikie kila kilichomo kwenye enumu. Kesho ukiongeza IMEFUTWA, kompaila inagoma na kukuonyesha kila swichi ya aina hii uliyoisahau. Ukiweka default inayorudisha "kijivu", kompaila inanyamaza, na oda iliyofutwa inapewa rangi ya kijivu bila mtu kujua, mpaka mteja apige simu kulalamika.

Swichi ya kawaida isiyorudisha thamani haikupi ulinzi huo. Ile ya mtindo wa zamani ina hatari zaidi: ukisahau break, programu inateremka hadi kesi inayofuata na kuiandika sifa upya.

Hali ikiweza kuwa null (yaani haina thamani), ikague kwanza, la sivyo utapata hitilafu ya NullPointerException.