Usikaze bushi za mbele gari likiwa juu ya jeki
Hii nimeipata kwa fundi mmoja pale Unga Ltd, Arusha, juzi tukibadili bushi (zile silinda za chuma zenye raba ndani) za amu za mbele (mikono ya chuma inayounganisha gurudumu na chasisi) kwenye pikapu yangu ya mtumba: pitisha bolti, nati shikisha kwa mkono tu, shusha gari likae kwa matairi yake, bonyeza bampa mara mbili tatu likae sawa, ndo ukaze sasa kwa nguvu. Raba ya bushi imegandia kwenye chuma, ukikaza amu ikining'inia basi ukishusha gari raba inabaki imejisokota muda wote, inachanika mapema afu unamlaumu muuza spea (mi nshamlaumu sana). Bushi za shaba za kupiga grisi haziihitaji hii. Na kama tundu la amu linaloshika bushi limeshatanuka umbo la yai badili amu nzima, usidanganywe kuchomelea.