SOMO: Klachi iliyogandana baada ya gari kulala muda mrefu, jinsi ya kuiachisha bila kushusha gia boksi

Wakuu, hili naliandika mara moja ili mtu akiuliza tena nimwelekeze hapa, maana kila mara anakuja mtu na hadithi ile ile, gari ililala, sasa gia haziingii, fundi kamwambia ashushe gia boksi anunue klachi mpya. Ngoja kwanza. Klachi nyingi za hivyo ni nzima, zimegandana tu, na inasikitisha sana kuona mtu anatoa hela ya klachi nzima wakati ya kwake ilikuwa inahitaji usiku mmoja na kipande cha mti.

Kinachotokea ni hivi. Klachi pleti (sahani inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi) muda wote inabanwa katikati ya flaiwili (gurudumu zito la chuma nyuma ya injini) na presha pleti (sahani ya chuma yenye springi inayoibana), ukikanyaga pedeli ndo unaiachia. Sasa zile nyuso za flaiwili na presha pleti ni chuma kitupu, hazina rangi wala mafuta, gari ikikaa miezi na unyevu ukaingia, kutu inaota hapo hapo na kushikana na lainingi (tabaka la msuguano) ya pleti. Ukikanyaga, presha pleti inaachia kama kawaida lakini pleti imeng'ang'ania na inazunguka na injini.

Dalili yake: injini ikiwa imezimwa gia zote zinaingia laini, ukiwasha hakuna inayoingia, zinakwaruza tu. Na ukiwasha ikiwa ndani ya gia huku umekanyaga klachi, gari inaruka.

1. Breki kwanza. Za mguu na hendibreki, zote zishike. Kama hazishiki ishia hapa urekebishe.

2. Betri, oili, maji, petroli mpya, upepo wa matairi. Haya mnayajua.

3. Hakikisha kweli imegandana. Mtu mmoja akanyage pedeli, mwingine aangalie chini pale slevu (pampu ndogo iliyo kwenye gia boksi) inaposukuma uma wa klachi (mkono wa chuma unaoiachisha klachi). Uma ukisogea vizuri, sentimita moja na zaidi, basi haidroliki (mfumo wa mafuta kutoka kwenye pedeli) iko sawa na shida iko ndani. Usiposogea, au pedeli ikiwa laini inazama tu, shida ni masta (pampu ya juu inayosukumwa na pedeli) au slevu au upepo kwenye mfumo, hilo ni somo lingine. Ongeza mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, toa upepo, rudi. Msiweke oili ya injini humo, raba zitavimba na mtaua masta yote. Kwa gari za kebo angalia kama kebo inavuta au imekwama.

4. Pasha injini ikiwa nyutro, nusu saa hivi, mpaka joto lifike kwenye flaiwili. Nje, sehemu ya wazi, kamwe isiwe ndani ya gereji iliyofungwa, ule moshi una gesi ya kaboni monoksidi inayoua, na gesi hiyo haina harufu ya kukuonya.

5. Zima, kanyaga klachi mpaka mwisho, weka mti kati ya pedeli na siti ubaki umebana, acha mpaka kesho. Nyingi zinaachia hapa, wakati mwingine unasikia "tak!" ukiwa umekaa zako. Watu wanairuka hatua hii kwa sababu haina mbwembwe, wakati ndo hatua bora kuliko zote. Ikigoma siku ya kwanza rudia, pasha tena, bana tena.

6. Bado? Zuia matairi kwa mawe au kabari, vuta hendibreki, weka gia ya nne, mguu wa kushoto klachi mpaka chini, wa kulia breki kwa nguvu zote, halafu piga stata kidogo kidogo, sekunde mbili tatu, unapumzisha. Gia ya juu kwa sababu huko breki zinaishikilia pleti kwa nguvu kubwa kuliko gia ya kwanza. Stata ikigoma kabisa kuzunguka usiing'ang'anie, utaiunguza. Na ikiachia injini itawaka hapo hapo ukiwa ndani ya gia, kwa hiyo USITOE mguu kwenye klachi mpaka uwe umerudisha nyutro.

7. Hii ndo inayoharibu magari na kuumiza watu, someni yote. Injini ya moto, uizime, uwe kwenye uwanja mpana mtupu, siyo barabarani, siyo uani kwa jirani, pasiwe na mtoto wala ukuta mbele. Weka gia ya pili, piga stata, gari itaanza kuondoka kwa kurukaruka na kuwaka ikiwa inatembea. Kanyaga klachi mpaka chini uishikilie hapo hapo, sasa kanyaga moto (pedeli ya mafuta) kidogo, achia ghafla, kanyaga, achia, ile vuta nikuvute ndo inayokata kutu. Ukiona injini imepanda mlio bila gari kuvuta, imeachia. Sasa sikilizeni: mpaka ifike hapo HAMNA KLACHI. Ukitaka kusimama, kukanyaga klachi hakukusaidii kitu, injini inaendelea kusukuma matairi. Unazima kwa funguo na kukanyaga breki. Funguo unairudisha hatua moja tu, ya kuzima injini, usiifikishe kwenye kufunga usukani na usiichomoe, usukani ukijifunga gari inatembea umekwisha. Na injini ikizimika breki zinakuwa ngumu baada ya kukanyaga mara mbili tatu, kwa hiyo kanyaga mara moja na ushikilie, usipampu. Mwendo uwe wa mtu anayekimbia, hauhitaji zaidi. Jaribu kuzima kwa funguo ikiwa imesimama kabla hujaanza, ujue kidole kinaenda wapi.

Ile ya kupandisha matairi juu ya jeki, kuweka gia, kupiga resi halafu kuangusha gari chini, msifanye. Inavunja meno ya gia boksi na eksoo, na gari inaweza kuruka kwenye jeki ikampitia mtu.

8. Ikigoma yote hayo, shusha gia boksi. Ukishafika huko usirudishe pleti kabla hujaikagua, na angalia rilizi beringi (beringi inayosukuma presha pleti) na splaini (meno) za shafti.

Ikiachia, endesha taratibu. Mtetemo kidogo wakati wa kuondoka ni kawaida siku za mwanzo, kutu inasafishika. Mtetemo usipoisha au klachi ikiteleza, hapo lainingi imebanduka na pleti mpya inahitajika.

MASWALI

Swali: Mkuu, nimepuliza ile dawa ya kulainisha nati kupitia kitundu cha gia boksi lakini bado haijaachia, niongeze?

Jibu: Usiongeze na ulikosea kuiweka. Ni mafuta. Lainingi ikinywa mafuta inateleza na kutetema, hata ikiachia leo utaishusha gia boksi baadaye kwa sababu hiyo hiyo.

Swali: Gari yangu ni otomatiki imekaa mwaka, nifuate hatua zote?

Jibu: Otomatiki haina pedeli ya klachi. Soma tena.

Swali: Samahani kaka, mimi ni dada ninajifunza mwenyewe kwenye pikapu ya marehemu baba, ni dizeli ya zamani. Hapo kwenye hatua ya 7 umesema kuzima kwa funguo, ya kwangu inazimwa kwa kuvuta kamba pembeni ya usukani. Inakuwaje?

Jibu: Pole kwa msiba dada, na umeuliza swali zuri kuliko yote. Dizeli hizo zikishawaka hazihitaji umeme, funguo peke yake haizimi. Kwanza hakikisha kamba haijakwama: washa ikiwa nyutro, vuta, izime, rudia mara kadhaa. Ikisuasua usifanye hatua ya 7 kabisa. Lakini kwako ningekaa kwenye hatua ya 4 na 5 hata wiki nzima, dizeli inachelewa kupata joto kwa hiyo iache iwake muda mrefu zaidi. Ukikwama andika hapa nitakujibu.

Swali: Na zile gari zinazowashwa na kuzimwa kwa kitufe?

Jibu: Hatua ya 7 iacheni. Kitufe gari ikitembea hakizimi kwa mguso mmoja, na hutaki kujifunzia hapo. Ishia ya 6.

Swali: Nilifanya ya 7 bila ya 5 nikagonga mti. Somo lako halifai.

Jibu: Nimeandika uwanja mtupu na nimeandika uanze na ya 5. Pole kwa gari.

Swali: Nikiwa na mpango wa kuipaki tena, niiache na ule mti kwenye pedeli?

Jibu: Kwa miezi michache inafaa, na matrekta mengi yana ndoano maalumu ya kushikilia klachi chini kwa kazi hiyo hiyo. Kwa gari ya haidroliki mimi napendelea iwashwe kila baada ya wiki chache na itembee kidogo, breki nazo zinafaidika. Na usioshe gari ukaipaki hapo hapo, itembeze kwanza ikauke chini.

Swali: Pikipiki nazo ni hivyo hivyo?

Jibu: Nyingi hapana, pleti zake zinaogelea kwenye oili, zinanata kwa oili iliyoganda siyo kutu. Weka gia ya pili injini ikiwa imezimwa, vuta klachi, isukume mbele na nyuma, zinaachana. Ila badilisha na oili.