Anza na mlango wa pili: sadaka ya kila siku kwa familia nzima

Nauza nafaka soko la Mgandini, hapa Tanga, na mtu akikaa nyuma ya mizani miaka mingi huyajua mengi ambayo hakuambiwa. Mama aliyezoea kuchukua kilo tano za sembe akianza kuchukua mbili, kisha moja, kisha akamtuma mtoto aje na hela ya robo, sina haja ya kumuuliza. Mume kasimamishwa kazi, au kuna mgonjwa ndani. Wenye dhiki ya kweli wengi hawaombi. Ndiyo maana nasema familia inayotaka kutoa isingoje kuombwa, wala isianze kutafuta wa mbali. Ianze na mlango wa pili, halafu mtaa, ndipo iende kwingine.

Tengeni fungu kabla ya matumizi

Kutoa kwa kusubiri kitakachobaki hakufiki popote, maana hakibaki kitu. Kwetu fungu la sadaka hutengwa asubuhi pamoja na hela ya mboga, likaingia kwenye kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko. Nyumba ikitenga shilingi 500 kwa siku, mwezi wa siku 30 una 15,000. Mwenye biashara isiyo na uhakika atenge Ijumaa peke yake, au siku ya gulio. Mwajiriwa atenge siku mshahara unapoingia, kabla hajapita dukani. Kiasi kijadiliwe na baba, mama na watoto wakubwa, na kisiwe kikubwa hadi kikaleta mvutano ndani.

Mwisho wa mwezi kopo lifunguliwe mbele ya wote na kila mtu aseme anamwona nani. Wasikilizeni watoto hasa. Wao ndio wanaojua nani darasani anaandikia kurasa za nyuma za daftari la mwaka jana, na nani saa ya mapumziko hujifanya amelala kwa sababu hana hela ya kitafunwa. Mzazi hawezi kuyaona hayo.

Kwa sisi Waislamu, zaka ni hesabu nyingine na isichanganywe na kopo hili. Zaka ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia kiwango, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, ikakaa mwaka mzima wa Hijria, na wanaostahili kuipokea ni makundi manane yaliyotajwa katika Surat At-Tawba. Mfanyabiashara huhesabu pamoja na shehena iliyomo stoo. Ukiwa na shaka, muulize shekhe wako na hesabu zako mkononi. Majirani zangu Wakristo nao wana fungu la kumi na michango ya jumuiya ndogondogo, na mmoja wao wakati wa Kwaresima hela ya kitoweo walichojinyima huiweka pembeni ikaenda kwa wagonjwa. Taratibu hizo ziendelee kama zilivyo. Ninachoeleza hapa ni kile cha kila siku, ambacho hakina kiwango.

Lipa deni la mtu dukani

Katika njia zote ninazozijua hii ndiyo ninayoipenda zaidi, na wachache wanaifanya.

Kila duka la mtaani lina daftari la madeni. Langu ni kubwa la jalada gumu: jina, alichochukua, kiasi, tarehe. Wengi hulipa mwisho wa mwezi. Lakini yapo majina ambayo hayasogei: mchele kilo mbili, maharage kilo moja, sukari nusu, na chini yake hakuna kilicholipwa. Mwenye jina hilo huacha kupita mbele ya duka. Hupita uchochoroni, akanunua mbali kwa bei ya juu, kwa aibu tu. Deni la elfu nane linaweza kumfungia mtu njia ya soko zima.

Fanya hivi. Mwendee mwenye duka unayemwamini, saa ambayo hakuna wateja, umwambie una elfu kumi ya kumfutia mtu deni. Usimwombe akutajie jina. Taja sifa tu: awe mzee, au ana watoto, au amekwama kwa ugonjwa. Yeye anawajua watu wake. Ukitaka uhakika, akate deni mbele yako. Mimi huweka kiganja juu ya jina, kalamu ikaenda kwenye kiasi, na aliyetoa anaona mstari ukipita. Hela ikizidi deni, ibaki kama akiba ya yule yule, aje achukue unga wake bila kukopa.

Kisha mwenye duka ampe habari kwa maneno machache: "Mama, deni lako limelipwa, karibu." Akiuliza limelipwa na nani, aambiwe ni mtu wa kheri, basi. Nilipomwambia mama mmoja hivyo, aliniuliza "Lote?", akarudia tena "Lote?", kisha akafungua ncha ya khanga na kunipa hela nimpimie nusu kilo ya mchele. Alikuwa anapita kwenda kuununua kwingine.

Mchukue mwanao siku ya kulipa. Atajua kuna sadaka ambayo mpokeaji hatamjua aliyeitoa, na hilo atalielewa vizuri kwa kulishuhudia kuliko kwa kuhubiriwa.

Sufuria na sahani

Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr kwamba akipika mchuzi aongeze maji, awakumbuke majirani. Wosia huo unatekelezeka hata kwenye nyumba ya maharage. Kinachotakiwa ni kukumbuka kabla ya kupika, kwa sababu ukikumbuka baada ya kula utapeleka makombo. Pakua cha jirani kwanza, sufuria ikiwa bado jikoni, ndipo wa nyumbani wapakue.

Ramadhani hapa kwetu sahani hupita toka uani hadi uani: mihogo ya nazi, magimbi, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga. Ni desturi nzuri mno, ila ina uzito kwa asiye nacho, maana sahani kwa kawaida hairudi tupu, na yeye atahangaika airudishe na nini. Kwa jirani wa namna hiyo, peleka vitu vibichi siku mbili tatu kabla ya mfungo kuanza: unga wa ngano, sukari, tende, nazi, kunde. Atafuturu kwa chungu chake, na siku moja naye atamtuma mtoto alete sahani kwako. Ikija, ipokee kwa mikono miwili na mle mbele ya huyo mtoto.

Kuhusu zakatul fitri, utaratibu ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, yaani vibaba vinne, na wengi hapa huhesabu kilo mbili na nusu. Nyumba ya watu saba itoe kilo 17 na nusu. Ifike kabla ya sala ya Idi, na inaweza kutangulia siku moja au mbili, mpikaji ajipange. Mimi huwaachia watoto wapime wenyewe, kila mmoja cha kwake. Lakini naona jambo sokoni kila mwaka: siku ya pili ya Idi huja watu kutaka kuniuzia mchele. Nyumba moja imeletewa na mtaa mzima, mchele umejaa ndoo, na mafuta hakuna, kitoweo hakuna. Nyumba inayofuata haikuletewa kitu. Kwa hiyo majirani mzungumze mapema. Nyumba tatu au nne zikae, zigawane majina, na juu ya pishi kila moja iongeze kutoka kwenye kopo nazi, vitunguu, mafuta, nyama kidogo.

Msiba ukishatawanyika

Siku za msiba watu wa Tanga hatuna mfano. Turubai linafungwa, daftari la rambirambi linafunguliwa, wanawake wanapika, wanaume wanashughulikia kaburi. Kisha hitima inasomwa, turubai linafunguliwa, na mjane anabaki na chumba chake. Eda ni miezi minne na siku kumi. Muda wote huo hatoki ila kwa dharura, na kodi ya chumba haingoji eda iishe.

Hapa ndipo familia moja inaweza kufanya kazi kubwa kwa gharama ndogo. Msimuulize "unahitaji nini", atawaambia hana haja. Chukueni majukumu yenye jina. Kijana wenu amchotee maji kila jioni. Binti apitie wanawe asubuhi waende shule pamoja. Baba aende kwa mwenye nyumba kuomba muda, mtu mzima kwa mtu mzima. Mama Jumamosi akienda sokoni apite kwanza kwake kuchukua kikapu, na kikapu kikirudi kiwe na kitu zaidi ya hela aliyotoa. Andikeni tarehe ya eda kuisha, msije mkachoka katikati. Kwa Wakristo pia pengo ni lile lile: kati ya mazishi na arobaini nyumba huwa kimya, na nguvu za watu zimeshaisha.

Nami nashauri rambirambi igawanywe. Kama una elfu ishirini, andikisha kumi kwenye daftari siku ya msiba, na kumi ipeleke mwezi wa pili baada ya msiba.

Wodini

Hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, hupokea wagonjwa kutoka Pangani, Muheza, Handeni, Lushoto. Mgonjwa wa mjini huletewa chakula na ndugu. Aliyetoka Handeni usiku na ndugu mmoja asiyejua mji, huyo hana jiko. Pikeni uji wa lishe au wali laini, mtie kwenye chupa au hotipoti, mfike saa ya kuona wagonjwa. Hatua ya kwanza ni kumuuliza muuguzi: nani hana mtu wa kumletea, na nani hatakiwi kula. Yupo anayesubiri upasuaji, yupo mwenye kisukari, na uji wenu wenye sukari unaweza kumdhuru. Bebeni vikombe vya ziada, sabuni, na vocha ya simu. Mgonjwa wa mbali mara nyingi shida yake kubwa ni kuwapata watu wa nyumbani waambiwe yuko hai.

Nguo, sare na simu

Nguo ya kutoa ifuliwe, ipigwe pasi, vifungo vitimie. Kama usingemvisha mwanao siku ya Idi au Krismasi, itumie kudekia.

Sare ni habari nyingine. Siku hizi shule za serikali za msingi na sekondari hazina ada, lakini sare, viatu na madaftari ni juu ya mzazi, na Januari ndipo nyumba nyingi zinapokwama. Anzeni Desemba. Sare iliyombana mwanao mpelekeeni mwalimu, amkabidhi mtoto ofisini bila wenzake kuona. Viatu nunueni vipya kama kopo linaruhusu, kwa sababu kiatu kilichokwisha kufuata mguu wa mtu mwingine humuumiza mtoto.

Ukituma pesa kwa simu, tuma na ya kutolea. Mtu wa kuhitaji elfu tano akikatwa makato ya wakala hapati elfu tano.

Mkitaka kwenda kituo cha kulelea watoto, muulizeni kwanza afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kama kimesajiliwa, kisha mpigie msimamizi simu aseme kinachopungua. Mara nyingi ni mkaa, dawa ya mswaki, taulo za kike, wakati stoo imejaa biskuti za wageni. Simu zikae mfukoni. Mtoto asipigwe picha akipokea sabuni. Hilo silifanyii mjadala, na kwa jirani yako ni vivyo hivyo. Injili ya Mathayo na hadithi za Mtume zote zinataka mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia.

Siku kopo likiwa tupu

Kuna miezi ambayo kopo halina kitu, na familia bado ina cha kutoa. Kijana anaweza kumsaidia bibi wa jirani kuongeza salio na kumsomea ujumbe wa simu asije akatapeliwa namba ya siri. Fundi anaweza kupiga bati la mtu misumari kabla ya masika.

Na kuna damu. Mwenye afya njema, wa miaka 18 hadi 65, mwenye kilo 50 au zaidi, anaweza kuchangia: mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Hupimwa wingi wa damu kabla, na aliye mjamzito au anayenyonyesha hachangii. Damu hutumika sana kwa kina mama wanaojifungua, watoto wenye malaria kali na majeruhi wa ajali, na si lazima ungoje ndugu yako alazwe ndipo uende. Sisi huenda baba, mimi na kijana wetu mkubwa. Asubuhi kuleni vizuri, kunyweni maji ya kutosha, vaeni nguo yenye mikono inayokunjika, na siku hiyo msibebe magunia.