Kulinda ardhi ya mtoto yatima katika mirathi ya Mahakama ya Mwanzo

Mwongozo huu ni kwa mlezi wa mtoto wa Tanzania Bara ambaye mzazi wake amefariki dunia bila wosia akaacha kiwanja au shamba, na mirathi yake inafuata sheria za kimila au za Kiislamu, ambazo ndizo Mahakama ya Mwanzo inazoruhusiwa kuzisimamia. Katika kazi yangu ya uwakili nimeona kwamba ardhi ya mtoto hupotea mara chache mbele ya hakimu. Mara nyingi hupotea katika karatasi ambazo hakuna aliyezisoma.

Hatua ya 1. Kusanya cheti cha kifo, nyaraka za ardhi na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kama hiki cha mwisho hakipo, kiombe mapema RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kwa kuwa ubishi wa kwanza huwa ni iwapo mtoto ni wa marehemu.

Hatua ya 2. Hudhuria kikao cha ukoo, nawe uhakikishe muhtasari unataja jina la kila mtoto. Ukoo unapendekeza msimamizi wa mirathi, lakini anayemteua ni mahakama. Mzee akisema mila haimpi mtoto shamba, mjibu kwa adabu kwamba kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kinabatilisha mila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na kwamba kifungu cha 10 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake. Kwa mtoto wa kike jiandae zaidi: mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni za urithi za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zinabagua wanawake, lakini ikakataa kuzifuta. Kwa maoni yangu uamuzi ule ulikuwa wa woga.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Msimamizi akishateuliwa anapaswa, ndani ya miezi minne, kuwasilisha Fomu Na. 5 yenye orodha ya mali na madeni, kisha Fomu Na. 6 yenye hesabu za mgawanyo. Omba nakala ya zote mbili, ulinganishe mipaka na ukubwa wa ardhi na nyaraka zako, kwa sababu kiwanja kisichoandikwa katika Fomu Na. 5 huuzwa kimyakimya. Miezi minne ikipita bila fomu, au mali ikifichwa, iombe mahakama kwa maandishi imtengue msimamizi.

Hatua ya 4. Ikiwa ardhi ina hati iliyosajiliwa, weka zuio kwa Msajili wa Hati ili isiuzwe. Ikiwa ni ya kijiji, iandikie halmashauri ya kijiji.

Hatua ya 5. Usimfuate hakimu nyumbani wala ofisini peke yako, hata kama ni kumkumbusha tarehe tu. Akiwa na undugu na upande mmoja, mwombe ajitoe, tena mahakamani, ili ombi liingie kwenye kumbukumbu. Mwenendo mbaya hulalamikiwa kwenye Kamati ya Wilaya ya Maadili ya Maafisa wa Mahakama, ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya. Kamati hiyo haibadilishi hukumu. Hukumu hukatiwa rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na siku hizo hazisimami kwa kusubiri majibu ya malalamiko.