Kulinganisha PostgreSQL, MySQL na MariaDB Chini ya Mzigo Mzito wa Papo kwa Papo

Hatua ya 1. Tenga mashine ya hifadhidata na mashine ya kuzalisha mzigo. Kisha ongeza shared_buffers (kumbukumbu ya akiba ya PostgreSQL) na innodb_buffer_pool_size (ile ya InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL na MariaDB), kwani zote huja na megabaiti 128 tu.

Hatua ya 2. Sawazisha masharti ya kuandika diskini. PostgreSQL, kwa usanidi wake wa awali, haimjibu mteja kwamba muamala umekamilika hadi logi (orodha ya mabadiliko) ifike diskini. MySQL hufanya vivyo hivyo kwa innodb_flush_log_at_trx_commit yenye thamani 1, na tangu toleo la 5.7 huongeza sync_binlog yenye thamani 1, inayosukuma diskini logi ya pili iitwayo binlog, hivyo binlog ikiwa imewashwa huwa na logi mbili za kusukuma. MariaDB kwa kawaida huacha sync_binlog ikiwa 0, kwa hiyo anayelinganisha bila kugusa usanidi anapima ahadi tofauti, si kasi. Ukiamua kulegeza, legeza kote: innodb_flush_log_at_trx_commit iwe 2 upande wa InnoDB, na synchronous_commit (kusubiri logi kabla ya kujibu) izimwe upande wa PostgreSQL. Umeme ukikatika, miamala ya mwisho inaweza kupotea, lakini data haiharibiki. Usizime fsync (amri ya kulazimisha data ifike diskini) kamwe, maana hapo data yenyewe inaweza kuharibika.

Hata hivyo, diski nayo inaweza kudanganya. Endesha pg_test_fsync, chombo cha PostgreSQL cha kupima kasi ya kusukuma data diskini: diski ya sahani inayozunguka mara 7200 kwa dakika hufanya mizunguko 120 kwa sekunde, hivyo ikidai kuandika mara maelfu kwa sekunde, kuna kumbukumbu ya muda inayojibu kabla ya wakati. Mwisho, weka kiwango cha kutenganisha miamala kiwe READ COMMITTED pande zote, kwa kuwa InnoDB huanza na REPEATABLE READ.

Hatua ya 3. Tumia sysbench kuzalisha mzigo, kwa sababu chombo kingine, pgbench, hupima PostgreSQL peke yake. Weka --rate, ili maombi yaendelee kuja kwa kasi ileile hata hifadhidata inapokwama. Bila hiyo, kila uzi (thread) husubiri jibu kwanza na mkwamo unajificha.

Hatua ya 4. Pima kwa saa kadhaa. Dakika tano hazitoshi, kwani PostgreSQL huanza checkpoint (kuandika diskini data iliyobadilika) kila baada ya dakika 5, na autovacuum (usafishaji wa safu mlalo zilizokufa) husubiri takriban asilimia 20 ya safu mlalo zife. Soma --percentile=99, yaani muda ambao asilimia 99 ya maombi hayauzidi; wastani, kwa maoni yangu, haufai kabisa kwa kazi ya papo kwa papo.

Hatua ya 5. Rudia ukiwa na miunganisho mingi. PostgreSQL hufungua mchakato kwa kila muunganisho, ilhali MySQL hufungua uzi, kwa hiyo pima PostgreSQL ikiwa na PgBouncer (programu inayogawana miunganisho michache kwa wateja wengi) mbele yake na bila PgBouncer.