Jinsi ya kukusanya maoni ya watazamaji juu ya filamu ya Ulysse mjini Goma

Mwonyeshaji wa filamu akiwauliza watazamaji mwishoni kama imewapendeza, atapata majibu ya adabu: ni nzuri, ni ndefu, ni ya zamani. Majibu hayo hayamfai mtu ambaye hakuwapo. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayekusudia kuonyesha Ulysse, filamu ya Mario Camerini iliyotengenezwa Italia na kutoka mwaka 1954, mbele ya watu wa mitaa ya Goma kama Himbi, Katindo au Birere, kisha akusanye maoni yao ili yaandikwe na kujadiliwa. Projekta na umeme vitakusumbua, hilo ni la kawaida. Kazi ngumu zaidi ni kutenganisha hukumu tatu ambazo watazamaji huzitoa kwa pumzi moja, yaani hukumu juu ya filamu, hukumu juu ya Odisea, utendi wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, unaosimulia safari ya Ulysse ya kurudi nyumbani kutoka vita vya Troya, na hukumu juu ya uzee wa picha zilizoko ukutani.

Siku chache kabla ya maonyesho, itazame filamu mwenyewe ukiwa na tafsiri ya Odisea mkononi, na uandike pale zinapoachana. Utendi una nyimbo 24, na filamu isiyofika saa mbili haiwezi kuzibeba zote, kwa hiyo orodha ya yaliyoachwa haina faida kubwa. Inayofaa ni orodha ya yaliyobadilishwa kwa makusudi. Athena, mungu wa kike ambaye kwa Homer anamwongoza Ulysse karibu kila hatua, haonekani kama mhusika. Calypso, mungu wa kike aliyemzuia kisiwani miaka 7, ameondolewa, na ahadi yake ya kumfanya Ulysse asife kamwe imewekwa kinywani mwa Circe, mchawi wa kisiwa kingine. Katika nchi ya Wafeaki, watu waliompokea njiani, Ulysse wa Homer anaficha jina lake kwa hiari, na machozi yanayomtoka anaposikia wimbo wa vita vya Troya ndiyo yanayomfichua. Ulysse anayeigizwa na Kirk Douglas amepoteza kumbukumbu, nasi tunaiona safari yake kadiri inavyomrudia akilini. Badiliko moja la namna hiyo linatosha kuzungumziwa nusu saa.

Eleza mapema jambo la sauti. Watengenezaji wa Italia wa wakati ule walizoea kuingiza sauti baada ya kupiga picha, na waigizaji wa filamu hii walitoka katika nchi na lugha mbalimbali. Tena nakala utakayoonyesha hapa Goma huenda ikawa ya Kifaransa. Mtazamaji akilijua hilo, hatatumia zamu yake kulalamika kwamba midomo haifuatani na maneno.

Halafu toa muhtasari kwa Kiswahili usiozidi dakika 5, hata kama wote waliopo wanasikia Kifaransa. Inatosha kusema kwamba vita vya Troya vilidumu miaka 10, kwamba safari ya kurudi ilichukua miaka 10 mingine, na kwamba huko Ithaca, kwao Ulysse, wanaume wamejaa nyumbani mwake wakila mali yake na kumshurutisha mkewe Penelope amchague mmoja wao awe mume. Mwisho usiutaje. Katika ukumbi wowote wa mji huu hakosekani mtu aliyesoma latin-philo, yaani mchepuo wa sekondari wa Kilatini na falsafa, ambaye Ulysse alimjua darasani na ambaye atataka kusahihisha kila tukio. Mheshimu, lakini mpe neno baada ya wengine, kwa sababu akianza yeye, mama aliyekuja baada ya kufunga duka lake ataona kwamba hana la kusema, ilhali yeye ndiye uliyemwitia kikao.

Filamu inapokwisha, kabla mtu yeyote hajafungua kinywa, gawa vipande vya karatasi na umwombe kila mmoja aandike, au amnong'oneze jirani anayejua kuandika, tukio moja tu lililomkaa moyoni au lililomchukiza. Hatua hii isirukwe. Katika mazungumzo ya wazi maoni ya mzee wa kwanza kusema huwa maoni ya nusu ya ukumbi, na adabu yetu haituruhusu kumpinga hadharani.

Kisha uliza kuhusu matukio. Ningeanza na Silvana Mangano, kwa sababu yeye anaigiza wanawake wawili: Penelope anayengoja, na Circe, mchawi anayemzuia Ulysse kisiwani. Usiulize kama aliigiza vizuri. Uliza kwa nini mwongozaji alimpa mke na mchawi sura moja. Wapo watakaosema kwamba mwanamume yule alikuwa akimtafuta mkewe hata alipokuwa kwa mwingine. Wapo, hasa wanawake, watakaosema kwamba huko ni kumtafutia udhuru, na watakuuliza ni nani aliyemtafutia Penelope udhuru miaka yote 20. Acha mabishano hayo yaende. Kwa maoni yangu hakuna uamuzi wa mwongozaji wenye akili kuliko huo katika filamu nzima, na wala hautoki kwa Homer.

Swali la pili liwe juu ya Sirena, viumbe wanaowavuta mabaharia kwa nyimbo, ambao Ulysse aliwasikiliza akiwa amefungwa mlingotini asiwafuate. Katika utendi wanamwahidi Ulysse elimu, kwamba wanajua yote yaliyotendeka Troya na yote yanayotukia duniani. Katika filamu anasikia sauti za mke wake na mwanawe zikimwita kana kwamba amekwisha kufika nyumbani. Waulize watazamaji ni kishawishi kipi ambacho wao wenyewe wangehitaji kufungwa mlingotini ili wasikifuate. Katika mji ambao wengi wana jamaa aliye mbali na haijulikani atarudi lini, swali hili halikosi jibu.

Kuhusu zimwi la jicho moja, sikiliza tu, kwa kuwa vijana watacheka. Andika walicheka wapi na walinyamaza wapi, kisha endelea.

Lawama utakayoisikia mara nyingi ni kwamba filamu haikufuata kitabu. Usiikatae, wala usiiandike ilivyo. Hapa Kivu tunacho kipimo chetu. Wanyanga wa Walikale wanayo masimulizi ya Mwindo, shujaa wa utendi wao, na simulizi inayojulikana zaidi ni ile ya msimulizi Shekarisi Rureke, iliyosikilizwa na kuandikwa mwaka 1956 na kuchapishwa mwaka 1969 na watafiti Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha masimulizi mengine, na Mwindo wa msimulizi mmoja si sawa na wa mwingine. Anayejua hivyo atauliza badiliko limeleta nini, asiishie kusema kwamba badiliko lipo. Kwa mfano, kwa Rureke, Mwindo mwenyewe anashuka kuzimu akimfuata baba yake. Kwa Homer, Ulysse anasafiri mpaka ukingo wa bahari kuwaita wafu. Katika filamu wafu wanamjia kisiwani kwa Circe. Muulize aliyelalamika ni ipi kati ya njia hizo tatu inayomtisha zaidi, na kwa nini. Jibu lake ndilo utakaloandika.

Andika usiku uleule, katika lugha ambayo mtu aliitumia, hata kama sentensi ilianza kwa Kiswahili ikaishia kwa Kifaransa. Majina yaache, isipokuwa mwenyewe amekubali. Inatosha kusema mama mfanyabiashara, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, au mzee aliyewahi kufundisha. Usigeuze watu 30 kuwa asilimia. Eleza ni nani waliokuwepo, nakala ilikuwa ya lugha gani, umeme ulikatika katika tukio lipi, kwa sababu mtu aliyekosa pambano la upinde karibu na mwisho hawezi kuhukumu mwisho wa filamu sawa na aliyeliona. Maoni yanayopingana yaweke jirani bila kuyapatanisha, na maoni yako mwenyewe yaweke mwisho, yakiwa na alama inayoonyesha kwamba ni yako.